Futa visanduku kwanza, panga nafasi

Ndugu, umesema skrini ya programu yenu ya kikoba ina michango, mikopo na faini, kila kimoja umekizungushia kisanduku, na bado wanachama wanabonyeza mahali pasipofaa. Mimi ningeanza kwa kuondoa mistari yote hiyo, nibaki na nafasi tupu peke yake.

Jicho huvichukulia vilivyo karibu kuwa ni vya pamoja. Mwanasaikolojia Max Wertheimer alilieleza hilo Ujerumani mwaka 1923, kabla simu hizi hazijaotwa hata ndotoni. Kwako kila pengo ni pikseli 16 (pikseli ni nukta ndogo za skrini), ndani ya kundi na nje yake, kwa hiyo jicho halina pa kushika. Weka 8 kati ya jina la mkopo na kiasi chake, kisha 24 au 32 kabla ya kundi linalofuata. Kichwa cha kundi nacho kisogelee maelezo yake kuliko kundi la juu. Hapa ndipo wengi huharibu, kichwa kinabaki kinaelea katikati kama abiria asiyejua basi lake.

Kisanduku kibakishe pale tu kitu kizima kinapobonyezwa, mfano mkopo mmoja unaofungua taarifa zake. Mstari wa mpaka una nguvu kuliko ukaribu, ila ukiuweka kila mahali hausemi kitu. Wala usitegemee kijivu chepesi kutenganisha makundi: juani, kwenye simu za bei nafuu, hakionekani.

Kitufe cha "Futa" kiweke mbali kabisa na "Lipa". Na vichwa vitambulishe kama vichwa ndani ya msimbo wa programu, maana kisoma skrini, kinachomsomea asiyeona kwa sauti, hakijui nafasi uliyoacha.