Muuguzi ukirudi chuoni, jiandae kuulizwa "Unajuaje?"

Nilirudi kusomea shahada nikiwa na stashahada na miaka 11 ya wodini. Kazi yangu ya kwanza ya kuandika ilihusu kuzuia vidonda vya mgandamizo, yaani vile vinavyompata mgonjwa anayelalia upande mmoja muda mrefu, jambo nililolifanya kila zamu. Niliandika kwamba mgonjwa asiyejiweza ageuzwe kila baada ya saa 2. Karatasi ilirudi na alama ndogo, na pembeni mkufunzi ameandika neno moja: "Unajuaje?"

Niliumia. Nilijua kwa sababu nimegeuza wagonjwa kwa mikono hii, na dada wakubwa walionipokea kazini ndivyo walivyonifundisha. Lakini swali lile ndilo shahada yenyewe, na ningependa ulizoee kabla ya kufungua daftari.

Nilipokwenda kutafuta jibu nilikuta utafiti wa mwaka 2013, uliofanyika katika vituo 27 vya kutunzia wazee Marekani na Kanada. Wazee waligawanywa: wapo waliogeuzwa kila saa 2, wengine 3, wengine 4. Idadi ya waliopata vidonda haikutofautiana kwa kiasi cha maana kati ya makundi hayo. Hapo ndipo wengi wetu hujikwaa, tukakimbilia kuandika kwamba saa 4 zinatosha. Rudi usome vizuri. Wazee wale walilalia magodoro ya sponji nzito, na walifuatiliwa kwa wiki 3. Mgonjwa wako mahututi, aliyelala kwenye godoro lililobonyea, hayumo humo. Uzoefu wako ndio unaokuwezesha kuliona hilo haraka kuliko mtu ambaye hajawahi kushika mgonjwa. Kinachobaki ni kuliandika kwa ushahidi.

Kwa hiyo ukipewa uhuru wa kuchagua mada, anza na kitu kinachokusumbua kazini. Kigeuze kuwa swali: ni mgonjwa gani, anafanyiwa nini, tunalinganisha na nini, tunatazamia matokeo gani. Swali likikosa moja kati ya hayo, utazama kwenye makala mia na usitoke na kitu.

Somo la takwimu usilisogeze mpaka mwishoni kwa woga. Lisome mapema, maana bila takwimu, katika kila makala ya utafiti utakuwa unasoma utangulizi na hitimisho tu.

Kuhusu zamu, nitasema bila kuzunguka: usipange kusoma asubuhi unapotoka zamu ya usiku. Nilijaribu muhula mzima. Nilikuwa nasoma ukurasa uleule mara tatu, na jioni narudi kwa wagonjwa nikiwa sijalala, jambo la hatari kwa mtu anayepima dozi. Lala kwanza. Mwone muuguzi kiongozi kabla ratiba ya zamu haijatoka, umpe tarehe za mitihani kwa maandishi.

Na kabla hujalipa ada, chuo kikupe kwa maandishi orodha ya masomo ya stashahada yako watakayoyatambua. Ahadi ya mdomo haitoshi. Mwenzangu mmoja alirudia masomo mawili aliyokwisha kufaulu kwa sababu aliyemwahidi alishahama ofisi.

Jambo jingine dogo ambalo lingeniokolea machozi: unaponakili hoja kutoka kwenye makala, andika chanzo saa hiyohiyo, mwandishi, mwaka na ukurasa, kama unavyojaza chati ya dawa ukiwa bado kando ya kitanda.