Mchapishaji amepandisha bei ya majarida: maswali ya wakutubi

Swali: Maktaba ya chuo chetu hulipia kifurushi cha majarida zaidi ya 300 ya mchapishaji mmoja. Bei hupanda asilimia 6 kila mwaka, bajeti imesimama palepale, na mkataba unaisha Desemba 31. Ofisa mauzo anasema tukivunja kifurushi na kuchagua majarida machache, tutalipa karibu kiasi kilekile. Ni kweli? Tumjibuje?

Jibu: Huenda ni kweli, kwani bei ya jarida mojamoja ameipanga yeye. Msikubali wala kukataa kabla hamjapiga hesabu zenu. Kwa asilimia 6, bei hufika maradufu katika miaka 12, kwa hiyo kusubiri nako kuna gharama.

Pakueni ripoti za matumizi za miaka mitatu zinazofuata COUNTER, kanuni za kimataifa za kuhesabu matumizi ya majarida ya mtandaoni. Kwa kawaida zimo kwenye akaunti ya msimamizi katika tovuti ya mchapishaji. Anzeni na ripoti iitwayo TR_J1, ambayo haihesabu makala za upatikanaji huria, yaani zinazosomwa bure. Chukueni idadi ya maombi ya kipekee, siyo jumla ya maombi (kila mara makala inapofunguliwa au kupakuliwa). Msomaji akifungua makala kwenye skrini kisha akaipakua kama PDF, jumla itasema mbili, ilhali msomaji ni mmoja na makala ni moja. Kosa hili peke yake laweza kulifanya jarida lisilosomwa sana lionekane linagombewa.

Kisha fungueni ripoti ya TR_J4, inayogawa matumizi kwa mwaka wa kuchapishwa. Maktaba nyingi huipita hatua hii, na ndiyo yenye uzito kuliko zote. Tuseme jarida la dola 2,400 lilifunguliwa makala 100 kwa mwaka, na 60 kati ya hizo ni za miaka ya nyuma ambayo mna haki ya kuisoma daima. Mkiondoka mtapoteza 40 tu. Basi gawanyeni bei kwa 40: kila makala inawagharimu dola 60, siyo 24. Linganisheni na gharama ya kuiazima makala kutoka maktaba nyingine, au kuinunua pekee.

Ofisa mauzo atawaletea hesabu tofauti: bei nzima ya kifurushi igawanywe kwa maombi yote. Jibu lake hupendeza, maana majarida machache yanayosomwa sana huyaficha mengi yasiyoguswa. Mwombeni bei ya kila jarida kwa maandishi, mkapange orodha yenu wenyewe.

Hata hivyo msikate majarida kwa namba peke yake. Idara ya hisabati yenye wahadhiri watano haiwezi kufungua makala nyingi kama idara ya uuguzi yenye wanafunzi 800, na huenda jarida lake halina mbadala. Wapelekeeni wahadhiri orodha, muwaulize ni lipi likiondoka kozi gani itakwama. Iko sababu nyingine ya kuwauliza mapema. Mhadhiri asiyejua kinachoendelea akipigiwa simu na mchapishaji, atakimbilia kwa mkuu wa chuo, na msimamo wenu utavunjika katikati ya majadiliano. Kwa hiyo kamati ya taaluma iidhinishe kwa maandishi kiwango cha mwisho cha fedha, na pia ruhusa ya kuondoka, kabla ya kikao cha kwanza. Bila ruhusa hiyo hamjadiliani, mnaomba.

Angalieni pia kifungu cha notisi ya kusitisha mkataba. Ikiwa ni siku 90, barua iwe imefika Oktoba 2. Mkataba wenye kifungu cha kujihuisha wenyewe utawafunga mwaka mwingine kwa kuchelewa siku moja. Anzeni hesabu Machi.

Kuondoka kunawezekana. Mwaka 2020 SUNY, mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo la New York, uliacha kifurushi cha mchapishaji Elsevier chenye majarida zaidi ya 2,000 ukabaki na 248. Chuo Kikuu cha California kilisitisha mkataba na mchapishaji huyohuyo mwaka 2019, na mapatano mapya yakaja 2021.

Swali: Tukisitisha, tutapoteza hata makala za miaka tuliyolipia?

Jibu: Inategemea kifungu cha haki ya kudumu, yaani haki ya kuendelea kusoma mlichokwisha kulipia. Mara nyingi haki hiyo hugusa tu majarida mliyoyasajili kwa majina. Yale ya nyongeza yaliyokuja na kifurushi hufungwa siku mkataba unapoisha. Dai kiambatisho kilichosainiwa, chenye jina la kila jarida, namba yake ya utambulisho (ISSN), mwaka wa kuanza na mwaka wa mwisho. Ulizeni kama mtatozwa ada ya kila mwaka kwa kutumia tovuti yao, na kama majarida yamehifadhiwa katika hifadhi za kidijitali za Portico, CLOCKSS au LOCKSS. Tunzeni ankara zote. Jarida likiuzwa kwa mchapishaji mwingine, kumbukumbu za haki zenu huweza kupotea njiani, na ankara ndiyo ushahidi wenu.

Swali: Mkataba unatukataza kuwaambia wengine bei. Tusaini?

Jibu: Ombeni kifungu hicho kifutwe, na msione haya kuomba hilo. Bei za vifurushi vingi zilianzia kwenye kile ambacho kila maktaba ilikuwa ikilipia nakala za karatasi, ndiyo maana vyuo viwili vinavyofanana huweza kulipa bei zilizoachana sana bila kujua. Wakikataa kabisa, pateni angalau ruhusa ya kuzungumza bei na maktaba wenzenu katika muungano wenu, na kama chuo ni cha umma, mwanasheria wenu aangalie kwanza sheria ya upatikanaji wa taarifa inasemaje. Katika mazungumzo hayohayo dai ukomo wa ongezeko la bei kwa kila mwaka wa mkataba, na kifungu kinachowaruhusu kujitoa bila faini bajeti ikikatwa.