Shangazi, mwalimu mkuu anataka tuyamalize hapahapa shuleni

SWALI: Shikamoo shangazi. Binti yangu yupo darasa la pili, shule ya kulipia huku Gongo la Mboto. Juzi kagoma kupanda basi la shule, nikadhani uvivu tu, kumbe konda akishashusha wenzake anampakata na kumshikashika. Nikaenda kwa mwalimu mkuu, unajua kafanyaje? Kamwita konda ofisini, kamsimamisha mtoto mbele yake eti haya sema, ni huyu? Mtoto akawa analia tu. Mwalimu akaniambia unaona mama, hana la kusema, tutamhamishia huyu ruti nyingine, ukienda polisi utamharibia binti jina. Baba yake naye anasema yaishe. Nifanyeje?
Mama Binti

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Hapo kwenye kumsimamisha mtoto mbele ya konda nimesoma mara mbili, damu imenichemka. Mtoto wa darasa la pili aseme nini mbele ya mtu anayemuogopa? Kulia ndo jibu lenyewe. Shule sio mahakama, wakisikia kitu kama hicho wanatakiwa wamtoe huyo mtu kwenye watoto na wakaripoti, basi, kumhamishia ruti nyingine ni kumpelekea watoto wengine.

Na kuyamaliza sio la mwalimu wala baba kuamua. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote kwenye jamii mwenye taarifa kuwa haki ya mtoto inavunjwa akaripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Kwa hiyo nenda ustawi wa jamii, na polisi uliza dawati la jinsia na watoto, ukikwama piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Ukihisi alifanyiwa zaidi ya kushikwa usingoje kesho, mkimbize hospitali ya Amana pale kwenye kituo cha mkono kwa mkono, yaani daktari, polisi na ustawi wa jamii sehemu moja, dawa za kuzuia VVU zinaanzwa ndani ya saa 72, na hata zikiwa zimepita mpeleke tu akaangaliwe.

Usimhoji hoji tena nyumbani wala shangazi zake wasimhoji, andika alivyosema kwa maneno yake mwenyewe na tarehe. Basi la shule asipande, mpeleke mwenyewe hata kwa bodaboda. Halafu mwandikie mwalimu mkuu barua, nakala kwa afisa elimu, na nakala yako wakugongee muhuri wa kupokea, hapo utaona sauti yake inavyobadilika.