Ng'ambo ya Likoni, daktari ni nesi

Wiki hii mmeuliza: kutoa mimba na kutibu mimba iliyoharibika iwe kazi ya daktari peke yake, au muuguzi, mkunga na afisa wa kliniki (mtabibu asiye daktari) nao waifanye?

Mimi ni nesi mkunga huku Likoni, mwaka wa 17 sasa, na swali lenu limenichekesha kidogo. Huku kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari, hata mimi. Aliyesomea udaktari, usiku yuko kisiwani Mombasa, ng'ambo ya feri.

Mwaka jana, saa nane usiku, binti aliletwa na shangazi yake kwa tuktuk. Leso mbili zimelowa damu chepechepe, ya tatu ndiyo kwanza amefungwa. "Daktari, nisaidie mwanangu." Sikuuliza nani kafanya nini. Nilimtundikia maji, nikamsafisha tumbo la uzazi kwa pampu ya mkono, ile ya plastiki inayofanana na bomba kubwa la sindano. Haikufika robo saa, damu ikakata. Kungoja gari la wagonjwa, kisha feri, kisha foleni ya Makadara, hospitali kuu ya kisiwani, hesabu hiyo naogopa kuipiga.

Na wala sikuvunja sheria. Kifungu cha 26(4) cha Katiba ya Kenya ya 2010 hakimtaji daktari. Kinaruhusu mimba itolewe iwapo mtaalamu wa afya aliyefunzwa ataona panahitajika matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini. Sheria ya Afya ya 2017 ikatutaja waziwazi, wauguzi, wakunga na maafisa wa kliniki, mradi tumefunzwa na tuna leseni. Utafiti wa Afrika Kusini na Vietnam uliochapishwa 2006 ulikuta kazi yetu ni salama sawa na ya madaktari. (Mimi ni Muislamu, simtetei anayetoa mimba ovyo. Lakini anayevuja damu mbele yangu simtolei hotuba.)

Kinachotutisha ni pingu. Kanuni ya Adhabu, ya tangu enzi za mkoloni, bado ina kifungo cha miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria. Mwaka 2019 afisa wa kliniki alikamatwa Kilifi pamoja na msichana aliyekuwa akimtibu, kesi ikafika hadi Mahakama Kuu ya Malindi. Tangu hapo nina wenzangu ambao wakiona damu tu, wanashika kalamu: "Apelekwe Makadara."

Pampu yetu ni moja, na mpira wake umeanza kulegea. Ya pili niliomba kwa barua, mara mbili.