Kuacha Urubani kwa Ajili ya Asali ya Tabora

Kaka, umeuliza kama uache kazi ya rubani msaidizi, kwa kuwa umechoshwa na safari za alfajiri na kulala mbali na watoto, urudi Tabora ufanye biashara ya asali pamoja na baba mkwe wako huko Sikonge. Kwa maoni yangu, usiandike barua ya kuacha kazi sasa. Omba kwanza likizo bila malipo, kwa sababu kuchoshwa na ratiba na kuichoka kazi yenyewe ni mambo mawili, na utayatofautisha vizuri zaidi ukishalala vya kutosha.

Leseni ya urubani haikai kabatini kama cheti cha shule. Asiyepaa na kutua angalau mara 3 ndani ya siku 90 haruhusiwi kurusha ndege ya abiria mpaka arejeshe sifa hiyo, na cheti cha afya nacho kina ukomo wake, hivyo kadiri unavyokaa nje ndivyo gharama ya kurudi inavyopanda. Usome pia mkataba wako: ikiwa mwajiri alikulipia mafunzo ya aina ya ndege unayorusha, huenda ukadaiwa.

Kuhusu asali, wingi wa mizinga usikudanganye. Asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 huweza kuchacha, na mnunuzi akifunua ndoo akakuta povu, hana mazungumzo tena. Rina msimu mmoja pamoja na mzee, uchuje na kupima mwenyewe, kisha ukokotoe kinachobaki baada ya nauli na vifungashio. Mkeo naye azione hesabu hizo kabla ya mwajiri kuiona barua.