Mtoto anasinzia darasani? Angalia mwezi kabla hujashika fimbo

Jumatatu nimepata meseji ya mwalimu mmoja wa Tabora, huko Urambo kwenye tumbaku, anasema kikaoni wamempa umwalimu wa malezi hivi hivi tu, hakuna semina hakuna nini, na tayari ana katoto ka darasa la pili kazi yake kusinzia. Dada yangu karibu chamani. Mimi nilipewa kwa sababu nilichelewa kikao, nafika wenzangu washagawana michezo na taaluma, kimebaki hicho.

Sasa ngoja nikusimulie, na sijisifu, ingawa kidogo najisifu.

Hapa Kigoma nilikuwa na kijana wa darasa la tatu, tumwite Dogo. Hesabu anamaliza wa kwanza, halafu ghafla wiki mbili nzima analala mpaka mate yanalowesha daftari. Nikamchapa. Utaratibu unasema anachapa mkuu wa shule au aliyeruhusiwa naye, visizidi vinne na viandikwe kitabuni, mimi sikuomba ruhusa wala sikuandika popote. Wiki iliyofuata mtoto mzima kabisa, nikajiona mwalimu. Ikarudi, fimbo tena, akapona tena. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue, Mei 15 mpaka Agosti 15, ukitoa likizo Dogo hakusinzia hata siku moja na mimi ofisini natamba, "mnaona, malezi hayo!" Ziwa likafunguliwa, mtoto chali.

Kilichonishtua ni rejista. Kila akilala nilikuwa naweka nukta ya penseli pembeni ya jina lake. Usiku mmoja umeme umekatika, nimekaa nayo barazani, mbalamwezi imewaka kweupe, naona wiki ile hana nukta hata moja. Nikarudi nyuma, mwezi ukiwa mkubwa hana nukta, wiki za giza zimejaa tele. Mtu wa Kigoma hapo huhitaji kuelezwa, dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka watu wanapumzika. Na shati lake nilikuwa nalisikia linanuka dagaa miezi yote hiyo, nikawa namwambia akaoge!

Kesho yake jioni nikaenda kwao, upande wa Kibirizi. Mama yake kuniona tu, "Mwalimu kama ni michango sina." Nikageuza ndoo nikakaa, tukachambua dagaa pamoja, maana mtu ukimsimamia kichwani hakwambii kitu. Saa nzima ni bei ya dagaa tu. Ndo akaja kusema mume kaenda Mpanda kutafuta vibarua tangu mwezi wa kwanza, simu haipatikani, yeye saa nane usiku anatoka kuwahi mitumbwi, na Dogo anabaki na mdogo wake ambaye bado ananyonya. Akilia anambeba mgongoni anazunguka naye chumbani mpaka kunakucha, halafu anampeleka kwa mama mwaloni, anasaidia kuanika, ndo aje shule nimchape.

Sikulala siku hiyo.

Dawa yenyewe ilikuwa rahisi mpaka aibu. Bibi wa chumba cha pili alikubali kulala na watoto siku za giza, anapewa kisado cha dagaa. Ya baba tulipeleka kwa afisa ustawi wa jamii, hayo mafaili ni marefu nayaruka, alipatikana, siku hizi anatuma hela, siku nyingine hatumi.

Kwa hiyo walimu wenzangu, ulizeni kwanza. Nendeni nyumbani kwa mtoto, kaeni chini. Ukikuta mtoto anapigwa vibaya au kuna mtu anamchezea, usibaki nalo moyoni, piga 116 ni bure, au nenda dawati la jinsia na watoto polisi. Ila kabla ya yote uliza, narudia, uliza! Sisi tukisikia neno malezi tunasikia fimbo, na wanaoniita Mama Huruma ofisini najua mnasoma hapa.

Dada wa Urambo, kwenu sio mwezi, kwenu ni mabani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku kwa moto. Kama ni msimu wa kukausha tumbaku, muulize huyo mtoto usiku nani anakesha anachochea moto.

Dogo kapita upimaji wa darasa la nne. Tukikutana njiani ananiamkia vizuri tu, "Shikamoo madamu", ila kwa mbali, mikono kaiweka nyuma.