Shanga za Mardi Gras zimejaa ndani: maswali yenu na majibu

Mardi Gras, sherehe ya kabla ya Kwaresima ambayo waliopanda magari ya gwaride huwarushia watazamaji shanga, imekwisha, Jumatano ya Majivu imepita, na wasomaji wa Louisiana, Marekani, liliko jiji la New Orleans, wananiuliza jambo moja kwa njia nyingi: shanga zilizodakwa kwenye magwaride zifanyiwe nini? Nimejibu kadiri nafasi ilivyoruhusu.

Huu ni mwaka wetu wa kwanza New Orleans. Watoto wamerudi na mifuko mitano ya shanga na mume wangu anataka kuitupa yote. Nianzie wapi?

Mwombe baba watoto avute subira kidogo, dada. Anza kwa kuzirudisha kwenye gwaride. Shirika la Arc of Greater New Orleans hupokea shanga zilizotumika. Watu wenye ulemavu wa akili walioajiriwa hapo huzichambua na kuzifunga upya, kisha zinauzwa kwa wale watakaopanda magari ya gwaride msimu ujao. Naipenda njia hii kuliko pambo lolote nitakalolieleza hapa chini: shanga inarushwa tena, na kuna mtu anayepata mshahara kwayo. Bakiza fungu dogo la kazi za mikono, lililobaki lipeleke.

Zile zilizoanguka chini mbele ya nyumba yenu nazo ziokoteni. Januari 2018 jiji lilitangaza kwamba mitaro ya maji ya mvua ilipozibuliwa, zilitolewa shanga za zaidi ya kilo 42,000 kwenye sehemu fupi tu ya St. Charles Avenue, barabara inayopitiwa na magwaride makubwa. Sehemu kubwa ya New Orleans iko chini ya usawa wa bahari na maji yake hutolewa kwa pampu. Mtaro ukiziba, mvua moja kubwa inatosha kuleta maji mlangoni.

Binti yangu ana miaka mitatu. Naweza kuzifumua nimtungie bangili?

Hapana, mwanangu, na nakuomba unisikilize kwa hili. Kwanza hazifumuki. Shanga nyingi za plastiki za Mardi Gras hazikutungwa. Plastiki imemiminwa juu ya uzi wenyewe. Ukikata, unapata kipande chenye uzi uliokwama ndani, hakina tundu la kupitisha uzi mwingine.

La pili ndilo zito. Mwaka 2013 kituo cha Ecology Center cha Michigan kilipima shanga za aina hii, na nyingi zikakutwa na madini ya risasi, bromini na klorini. Inadhaniwa kwamba kemikali hizo zinatokana na plastiki chakavu, zikiwemo za vifaa vya umeme vilivyokwisha kazi. Mtoto wa miaka mitatu hutia kila kitu mdomoni, na risasi hudhuru ubongo unaokua. Hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Mnunulie shanga kubwa za mbao zisizomezeka, mtunge pamoja.

Wakubwa wake, wa miaka kumi na kuendelea, wanaweza kujifunza kusokota mkufu mmoja hadi utoke umbo la mbwa mdogo, mchezo ambao watoto wa New Orleans wanaujua sana. Wakimaliza, wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Nimeona mashada ya shanga kwenye milango ya jirani zangu. Yanatengenezwaje?

Hapa ndipo utamu ulipo. Osha shanga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, zianike juu ya taulo kivulini, kisha zitenge kwa rangi na kwa ukubwa. Usiruke hatua hii ya kutenga, kwani kazi nyingi huharibika hapo: shanga nene ikikaa kando ya nyembamba, mistari inapinda na huwezi kuinyoosha tena.

Tafuta pete ya povu gumu au ya majani makavu. Usikate mikufu vipande vifupi. Zungusha mkufu mzima kuizunguka pete, mstari ukibana mstari, na ushikize kwa pini kila baada ya mizunguko michache. Ukitaka rangi za Mardi Gras, ni zambarau, kijani na dhahabu, ambazo chama cha gwaride cha Rex kilizitumia tangu mwaka wake wa kwanza, 1872. Zinasimamia haki, imani na nguvu.

Ukishazoea pete, jaribu picha. Chora kwa penseli juu ya ubao wa plaiwudi, paka gundi nyeupe ya mbao kwenye mstari mmoja kwa wakati, ulaze mkufu juu yake, ukate unapofika mwisho. Maliza mipaka ya mchoro kwanza, kisha jaza ndani. Acha ubao umelala usiku mzima. Gundi zenye harufu kali ya petroli ziache dukani, maana zinayeyusha rangi ya kung'aa. Na picha itundike mbali na jua, kwa sababu rangi hiyo hufifia upesi.

Rafiki yangu huziyeyusha kwenye ovena atengeneze bakuli. Nimfuate?

Usimfuate. Kwa kemikali nilizozitaja hapo juu, moshi wake hautakiwi jikoni, na bakuli hilo halifai kuwekwa chakula.

Niko Arusha, nauza mapambo ya shanga ya Kimaasai. Kaka yangu aliye Louisiana anataka kunitumia boksi la shanga hizi. Zitanifaa?

Mwambie asipoteze nauli ya mzigo. Wewe mwenyewe unajua kazi yako inadai shanga ndogo za kioo zenye tundu safi na zinazolingana. Hizi ni plastiki nyepesi isiyo na tundu. Wateja wako watakuona umeshusha kazi.

Ila mwambie achungulie vizuri chini ya boksi. Kabla ya plastiki, waliopanda magari ya Mardi Gras walikuwa wakirusha shanga za kioo, nyingi zikitoka Czechoslovakia. Jamhuri ya Czech ya leo ndiyo inayotengeneza pia shanga ndogo ambazo mafundi wengi wa Kimaasai wanazipenda kwa ubora wake. Akikuta mkufu mzito, wa baridi mkononi, wenye shanga zilizotungwa moja moja, auweke kando: huenda ni kioo cha zamani, na wakusanyaji wa Louisiana hununua mikufu hiyo.

Mwaka ujao sitaki kurudi na rundo hili tena. Nifanyeje?

Dakeni kwa kuchagua. Wafundisheni watoto kuachia mikufu ya plastiki na kungojea vitu vinavyotumika nyumbani. Baadhi ya vyama vya magwaride vimeanza kubadilika: Krewe of Freret iliondoa shanga za plastiki kwenye gwaride lake la 2025. Katika Chuo Kikuu cha Louisiana State, maabara ya mwanabiolojia Naohiro Kato imetengeneza mikufu ya malighafi ya mimea yenye mbegu za bamia ndani ya shanga zake. Ukidaka huo, peleka shambani.